Zilzala ya Pili ni Deni

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu zetu Waislamu, sura ya 99 ya Qur'ani yaitwa Az-Zalzala, nayo yatukumbusha siku ardhi itakapotikiswa mtikiso wake wa mwisho. Siku hiyo hapana atakayeulizwa ana akiba gani ndani ya kabati. Lakini ziko zilzala nyingine za hapa duniani, ambazo mtu hubaki hai baada yake. Kesho yake jua huchomoza kama kawaida, watoto huamka na njaa, na kodi ya nyumba hudaiwa. Darsa yetu safari hii ni juu ya kesho yake hiyo.

Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitetemeka kwa ndugu zetu wa Bukoba, katika mkoa wa Kagera, Tanzania. Watu 17 walikufa na mamia ya nyumba zikaanguka. Michango ilikusanywa ndani ya nchi na nje yake. Lakini Januari 2017 Rais John Magufuli aliwaambia watu wa Bukoba waziwazi kwamba serikali haitamjengea kila mmoja nyumba yake. Fedha zingetengeneza shule na majengo mengine ya umma. Hatukuandika haya ili tumhukumu mtu. Shule ni mali ya wote, na yastahili kujengwa. Twataka msomaji azingatie jambo moja tu: jengo la umma lilipata hazina ya umma, na nyumba ya mtu ikabaki juu ya mfuko wa mwenyewe.

Wala sisi wa Nairobi tusidhani kwamba mambo haya ni ya wengine. Kenya ilitikiswa tarehe 6 Januari 1928 kwa tetemeko la Subukia, nalo ni kubwa kuliko yote yaliyopimwa katika nchi hii. Hata hivyo, yaziangushayo nyumba zetu za Kibera na Kawangware mara kwa mara ni maji, na moto, na tingatinga. Julai 2018 nyumba za Kibera zilibomolewa ili barabara ipite, na maelfu ya watu wakalala nje. Mvua za Aprili na Mei 2024 ziliua zaidi ya watu 200 katika Kenya. Kisha wakaao ndani ya mita 30 kutoka mtoni wakaamriwa kuhama, na serikali ikaahidi shilingi 10,000 kwa kila nyumba iliyohamishwa. Oktoba ya mwaka ule ule soko la Toi liliungua usiku, watu wakafa, na bidhaa za wachuuzi zikawa majivu. Ukuta ulioangushwa na ardhi na ukuta ulioangushwa na maji ni mamoja kwa yule aliyekuwa akilala nyuma yake.

Haya, nyumba iliyopatwa na msiba kama huu huishi kwa fedha gani? Wiki ya kwanza watu wema huja na unga, mablanketi na maji ya kunywa. Mwenyezi Mungu awalipe. Wiki ya nne wameondoka. Mwezi wa pili hapana aulizaye tena, na hapo ndipo hesabu huanza.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa Lindi, bondeni karibu na mto. Maji yamechukua godoro, na sufuria, na sare za shule, na cherehani yenyewe. Mtu huyu hakupotewa na vitu tu. Amepotewa na kile kilicholeta vitu. Kwanza atapunguza chakula: wakubwa watakula mara moja kwa siku. Kisha atauza kilichosalia kwa bei ya kutupa, kwa kuwa jirani zake wote wanauza siku hiyo hiyo. Kisha mtoto atabaki nyumbani kwa ajili ya karo, au atapelekwa kwa bibi yake shamba. Kisha atakopa dukani mpaka daftari lijae. Mwisho ataifungua simu yake.

Mkopo wa M-Shwari, ulioanza mwaka 2012, uliwekewa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Saba na nusu katika mia yaonekana ndogo. Lakini akopaye shilingi 1,000, na kila mwezi akakopa tena ili alipe ya mwezi uliopita, baada ya miezi 12 ametoa shilingi 900 za ada, na ile elfu yake bado i shingoni. Iiteni ada, iiteni gharama; jina halibadilishi hesabu. Na simu ikimkataa, huenda kwa shailoki wa mtaani, ambaye ni mkali kuliko simu, naye hubeba rehani kile kitanda kilichookolewa majini. Hii ndiyo zilzala ya pili. Ile ya kwanza ilitikisa kuta kwa usiku mmoja. Hii hutikisa nyumba mwaka mzima, na wala haitangazwi katika habari.

Huenda mtu akasema, "Mbona wanawake wetu wana vyama vyao?" Kweli wanavyo, na ni vyema kuliko mikutano mingi ya wanaume. Lakini chama cha mzunguko hufaa anapougua mmoja na wenziwe tisa ni wazima. Maji yanapoingia kichochoro kizima, wote kumi huutaka mchango siku moja, na hapana wa kuutoa.

Basi dini yetu yatuelekeza nini? Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Kabisa bin Mukharik kwamba Mtume (S.A.W.) alitaja watu watatu tu wanaoruhusiwa kuomba. Mmoja wao ni mtu aliyepatwa na janga lililoangamiza mali yake. Huyo ni halali kwake kuomba mpaka apate cha kumsimamishia maisha yake, kisha aache. Kitazameni vizuri kipimo hiki. Mpaka wake haukuwekwa kwenye shibe ya leo. Umewekwa pale mtu anaposimama tena kwa miguu yake. Kwa fundi wetu kipimo hicho ni cherehani. Kwa mchuuzi wa Toi ni mtaji wa belo la kwanza la mitumba. Anayempa kilo mbili za unga amefanya wema, lakini hajaifikia hadithi hii.

Tena Qur'ani, katika Suratut Tawba, aya ya 60, imewahesabu wenye madeni miongoni mwa watu wanane wanaostahiki zaka. Na katika Suratul Bakara, aya ya 280, mdai ameamrishwa kumpa muhula mdaiwa aliye katika dhiki, na kumsamehe kumesifiwa kuwa ni bora zaidi.

Sasa tuseme na wenye nyumba za kupanga, kwani si wachache kati yao walio Waislamu, wasomaji wetu. Imamu Muslim amepokea pia kutoka kwa Jabir kwamba aliyemuuzia nduguye matunda, kisha yakapatwa na janga, asichukue thamani yake. Wanazuoni wamekhitalifiana: wako waliosema ni wajibu, na Imamu Shafi katika kauli yake ya baadaye aliona ni jambo la kupendekezwa. Lakini katika nyumba iliyoanguka mambo ni wazi zaidi: manufaa yakiondoka, mkataba wa kupanga huvunjika, na kodi ya siku zilizobaki haidaiwi. Twajua kwamba mwenye nyumba naye amepoteza mabati na mbao, na pengine naye ana deni. Asaidiwe kwa haki yake. Asidai tu kodi ya chumba kilichokwenda na mto! Wanubi wa Kibera waliishi karibu miaka mia bila hati, mpaka mwaka 2017 walipopewa hati ya ekari 288. Waliokaa muda wote huo katika khofu ya kuondolewa ndio wanaojua zaidi uchungu wa mtu aliyetolewa.

Bukhari na Muslim wamepokea habari ya Ashari, kabila la Abu Musa: chakula kilipowapungukia, walikikusanya chote katika nguo moja, wakagawana sawasawa, na Mtume (S.A.W.) akawasifu kwamba wao ni katika yeye, naye ni katika wao. Twaona yatupasa kuufuata mwendo huo kama hivi:

Kwanza, liwe sanduku moja la misikiti ya Kibera na Kawangware pamoja. Ni nadra mitaa hii miwili kupatwa usiku mmoja. Mmoja ukianguka, mwingine utakuwa umesimama.

Pili, fedha zitolewe mwezi wa pili, siyo wiki ya kwanza tu, na zitolewe kwa kununua chombo cha kazi au kulipa deni lenye riba.

Tatu, anayeweza kurudisha apewe karadha njema isiyo na ziada hata ya senti moja. Asiyeweza apewe katika zaka.

Nne, wazee watatu waaminifu wa kila mtaa wamshuhudie mhitaji, bila ya kumpiga picha wala kumtangaza. Na hesabu ziandikwe na akina mama wa vyama, kwani wao wamezoea kuhesabu kidogo kisipotee.

Na fedha zitatoka wapi? Tutazame gharama za pilau za arobaini na za harusi zetu, ambazo aghalabu nazo hukopewa, kisha tujijibu wenyewe.

Amekosa pia asemaye kwamba waliopatwa wameadhibiwa kwa madhambi yao. Aya ya 155 ya Suratul Bakara yasema kwamba Mwenyezi Mungu huwajaribu waja wake kwa khofu, na njaa, na upungufu wa mali na nafsi, nayo yawabashiria wenye kusubiri. Mwenye nyumba iliyoanguka anajaribiwa kwa subira. Nasi ambao nyumba zetu zimesimama twajaribiwa kwa mikono yetu, na mtihani wetu hauishi maji yanapokauka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa, awaondolee waliobaki mzigo wa madeni, na azifungue nyoyo zetu kabla ya mvua nyingine. Wabillahi taufiki.