Jirani kwa Mujibu wa Tarakimu

Katika makanisa, vyuo na kumbi za mikutano zilizoota baina ya Ruiru na Thika tangu barabara kuu ya Nairobi hadi Thika ilipofunguliwa Novemba 2012, si ajabu kukuta nyuma ya jukwaa, ndani ya kabati la chuma, mtambo wa kugawa picha na sauti ambao mafundi huuita matriksi, upokeao picha za kamera na kompyuta na kuzipeleka kwenye projekta au televisheni yoyote itakiwayo. Mtambo huo hauamrishiki kupitia mtandao mpaka upewe makazi yake humo. Na fundi asimamaye mbele yake, akibonyeza vitufe huku akisoma katika kioo chembamba anwani 192.168.254.254, ambayo baadhi ya mitambo hiyo hutoka nayo kiwandani, hana budi kuujulisha mambo matatu: anwani, maski ya sabneti na lango. La pili ndilo lililonitia katika tafakari, kwa kuwa hulijibu, kwa ukavu wa hesabu, swali ambalo mwanasheria alimwuliza Yesu katika Injili ya Luka: jirani yangu ni nani?

Maski, ambayo kanuni yake ilitangazwa Agosti 1985, huuambia mtambo ni kiasi gani cha anwani ya mwenziwe kilingane na yake ndipo amhesabu jirani. Ikiwa ni 255.255.255.0, namba tatu za mwanzo, zitenganishwazo kwa nukta, sharti ziwe sawa. Ikiwa ni 255.255.0.0, mbili zatosha. Alinganaye huitwa moja kwa moja. Asiyelingana, ijapokuwa wamo kabati moja, ni mgeni, na ujumbe wake hukabidhiwa lango, ambalo ndilo njia ya kutokea kwenda mitandao mingine. Basi chukua kompyuta yenye anwani 192.168.1.20 na maski ya namba tatu, uiunge na mtambo wetu wenye maski ya namba mbili: taa za kijani zitawaka pande zote mbili, waya ni mzima, na hata hivyo mtambo utaihesabu kompyuta kuwa jirani ilhali kompyuta itauhesabu mtambo kuwa mgeni, na jawabu lake italipeleka langoni likapotelee huko. Ujirani, kumbe, waweza kuwa wa upande mmoja.

Kwa wanadamu nao ukaribu si ujirani. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliikuta Ruiru na watu zaidi ya 370,000, wengi wao wapangaji wadamkao kwenda Nairobi na kurejea usiku, ambao katika ploti moja hutenganishwa na ukuta wa tofali moja, wakasikilizana hata kikohozi, wasijuane majina. Siwalaumu, nauli na kodi havimwachii mtu wasaa wa kubisha hodi. Lakini Kurani, katika Sura ya An-Nisaa, huamrisha ihsani kwa jirani wa karibu na kwa jirani aliye mgeni pia, na kwa amri hiyo ukuta hautoshi kuwa udhuru.

Atakayesema kwamba dawa ni kuipanua maski hata imwenee kila mtu, na aijaribu 0.0.0.0. Mtambo uliowekwa hivyo huwahesabu wote ulimwenguni kuwa majirani, na kwa sababu hiyo haulitumii lango kamwe: humwita aliye Mombasa kana kwamba yumo chumbani, hapana aitikaye, na walio mbali huwakosa wote. Naona wahubiri wa mapenzi kwa wanadamu wote, ambao mimi nawastahi, hawajalipima jambo hili ipasavyo. Mpaka si dhambi. Dhambi ni mpaka usio na lango, na lango lisilo na mpaka halina kazi.

Yule Msamaria wa Luka, ambaye kwa kisa chake Yesu alimjibu mwanasheria, alilijua hilo. Hakuhamia Yeriko, wala hakuapa kuwauguza majeruhi wote wa njia iendayo huko. Alimfunga mmoja majeraha yake, akamfikisha nyumba ya wageni, na kesho yake akatoa dinari mbili, akamkabidhi kwa mwenye nyumba, akashika safari yake.