Ahadi ya Maisha ni ya Maisha ya Nani?

Mtu akiahidi jambo kwa maisha, hueleweka kuwa amejifunga mpaka kufa kwake. Lakini kampuni haina pumzi wala kaburi, na zana haina roho. Basi neno hilo likichapwa juu ya sanduku la keekee ya umeme, laahidi maisha ya nani?

Swali hili si la mchezo. Seremala anunuaye keekee kwa akiba ya miezi mingi hanunui chuma na nyaya tu. Hununua na neno la mwuzaji. Mota ikiungua kazi husimama, na kazi ikisimama chungu hukaa mekoni bila moto.

Huko Marekani, ambako ahadi za namna hii zimeota mizizi, sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 iliagiza dhamana ya maandishi ijieleze kama ni kamili au ina mipaka, ikautenga na mkataba wa matengenezo. Miongozo ya Tume ya Biashara ya Shirikisho nayo yataka tangazo litajalo maisha liseme wazi ni maisha yapi. Agizo hilo lisingalihitajiwa kama neno lingalijieleza lenyewe.

Mfano mmoja ni zana za Ridgid, ziuzwazo katika maduka ya Home Depot. Dhamana yake ya kawaida ni ya miaka 3. Juu yake upo mkataba wa matengenezo ya maisha, usiolipiwa, nao hufika hata kwenye vitu vilikavyo kwa kazi ya kila siku, kama swichi, gia na betri. Huo ni ukarimu usiostahili kubezwa, maana betri huchoka mapema kuliko chombo chenyewe. Walakini mnunuzi sharti ajiandikishe katika siku 90 tangu aliponunua, awe na stakabadhi, na haki hiyo ni yake peke yake.

Siku 90 hizo ndizo kiini cha jambo. Aliyesahau hakuharibu kitu wala hakudanganya mtu. Amekosa kuandika jina lake tu. Mtetezi wa kampuni atasema kuwa kila nyumba ina mlango, na aliyekataa kuingia asiilaumu nyumba. Hoja hiyo ina nguvu, kwa sababu ahadi isiyo mpaka humfilisi mtoaji, na mfilisi hamtengenezei mtu chochote. Lakini ahadi hupimwa pia kwa lile analolitumaini mwenye kuitoa. Aahidiye kwa moyo hupenda mwenziwe akumbuke. Afaidikaye kwa usahaulifu wa mwenziwe ana sababu ya kunyamaza. Karani akilitaja sharti kwa sauti wakati wa kupokea fedha, ahadi ni safi. Neno kubwa likiwa juu ya sanduku na sharti likiwa ndani kwa herufi za sisimizi, hila imekwisha kuanza, ijapokuwa kila herufi ni ya kweli.

Tena, seremala akifa na mwanawe akairithi keekee, mota ingali yazunguka kama jana, lakini ahadi imezikwa pamoja na baba. Kumbe maisha yaliyotajwa yalikuwa ya mnunuzi, si ya chombo.

Mwenye kuahidi naye hufikwa na mauti ya namna yake. Kwa miaka mingi Sears iliahidi kubadili spana za Craftsman zilizovunjika, bila kikomo cha muda. Zana za umeme za jina lilo hilo hazikupewa ahadi hiyo, kwani chenye mota hufa upesi na muahidi alilijua hilo. Mwaka 2017 Sears ililiuza jina la Craftsman kwa Stanley Black & Decker, na Oktoba 2018 ikakimbilia mahakamani kwa kufilisika. Tangu hapo mwenye spana ya zamani akipata haki yake, huipata mikononi mwa aliyenunua jina, si mikononi mwa aliyetoa neno.