Punje Ambayo Haikuwamo Ndooni

Kisa hiki nimekitunga, lakini mto na hesabu zake ni vya kweli. Mto ni Katuma, unaopita bonde la Mpanda, ukaingia Ziwa Katavi na Chada, kisha maji yake yakaishia Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Katika bonde hilo, Mwamkulu, watu wanaishi kwa mpunga, na adui wa mpunga wa umwagiliaji ni mfereji uliojaa mashapo.

Kikundi cha wakulima kilichangishana fedha ili nyuma ya banio lao kijengwe kibwawa cha kutulizia mchanga. Kazi ya vipimo akapewa fundi kijana, mwenye bidii na mkweli. Kiangazi aliteka ndoo ya mashapo kutoka sakafu ya mfereji, akayakausha, akayapitisha kwenye machekecheo yaliyopangwa moja juu ya jingine. Yaliyopenya hadi sinia la chini aliyapima kwa kuyaacha yatulie majini, huku akihesabu muda.

Ndooni mlikuwa na vitu viwili, karibu nusu kwa nusu. Nusu moja ilikuwa mchanga mkubwa wa kama milimita 1. Nyingine ilikuwa tope laini la kama milimita 0.03. Aliviona kwa macho yake. Kisha akaiamini karatasi kuliko macho.

Wanajiolojia hupima punje kwa skeli ya fai, aliyoileta William Krumbein mwaka 1934: fai ikipanda kwa moja, kipenyo kinapungua nusu. Milimita 1 ni fai 0, na tope lile ni fai 5. Wastani wake ni fai 2.5, yaani milimita 0.18. Kijana akaandika: mchanga laini.

Punje ya ukubwa huo huzama kama sentimita 2 kwa sekunde, hivyo kina cha mita moja hukimaliza kwa muda usiofika dakika. Akachora kibwawa cha kuyashikilia maji dakika mbili, akiona ameongeza akiba ya kutosha. Watu wakatoka kwa msaragambo, wakachimba, wakajengea kwa mawe.

Masika ya kwanza mchanga mkubwa ulirundikana mlangoni mwa kibwawa, kwa kuwa wenyewe huzama kwa sekunde chache tu. Tope, linalohitaji kama dakika ishirini kushuka mita hiyo hiyo, lilipita kana kwamba hakuna kilichojengwa. Likaenda kutua kwenye mifereji midogo. Masika ya pili majaruba ya mkiani hayakupata maji.

Mama mmoja wa mkiani alimfuata kijana bandani kwake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Huo mchanga laini ulioandika, nionyeshe nami niushike.”

Sampuli alikuwa bado nayo. Akaichekecha upya, akamwaga kila chekecheo juu ya gunia, kwa mpangilio wa ukubwa. Upande huu fungu la mchanga mkubwa, upande ule fungu la tope. Katikati, mahali pa milimita 0.18, palikuwa na vumbi lisilotosha kujaza kijiko.

“Kwa hiyo kibwawa tulikijengea hiki,” mama akasema, akiweka kidole pale katikati.

Uchungu wangu uko hapa. Kanuni ya wastani aliyoitumia kijana ni ya Robert Folk na William Ward, waliyoichapisha mwaka 1957 baada ya kuchunguza fungu la mto Brazos, Texas, lenye kokoto na mchanga vilivyochanganyika. Walijua fika shida ya mashapo ya aina mbili. Ndiyo maana pamoja na wastani walitoa vipimo vingine vitatu: jinsi punje zinavyotofautiana, upande zinakoegemea, na jinsi mchoro wake ulivyochongoka au kubapa. Kwa ndoo ile, kipimo cha utofauti kilizidi 2, daraja ambalo wao wenyewe waliliita mchanganyiko mbaya sana. Namba hiyo ilikuwamo kwenye karatasi ya kijana, mstari mmoja chini ya wastani. Hakuisoma.

Mvua iliporudi, kijana aliteka maji ya banio kwenye chupa, maji yenyewe ya masika, akaitikisa na kuiweka ukutani. Mchanga ulitua kabla hajaondoa mkono. Akaketi na saa yake, mama pembeni, wakiyatazama maji mekundu yaliyokuwa bado hayajaanza kung'aa hata juu kabisa.