Maneno ya Mtu Katika Kinywa cha Mwingine

Katika insha za wanafunzi wetu mna kosa moja ambalo walimu hulisahihisha upesi, na jingine ambalo walimu hulisifu. La kwanza ni kuyatupa maneno ya mtu katikati ya ukurasa, bila ya kumtaja mwenyewe wala kueleza ameitwa kwa kazi gani. Msomaji hushtuka kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chake akamkuta asiyemjua amekaa kitini. La pili ni kuyaingiza maneno hayo kwa ulaini mkubwa hata msomaji asijue kwamba yamepindwa njiani. Kosa hili hupata alama nzuri. Nasema hivi kwa kuwa mimi nilipata alama hizo.

Lugha yetu ina maneno mawili kwa kazi ya kuleta usemi wa mwingine. Kunukuu ni ndugu wa kunakili. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kuhamisha kitu kutoka mahali hata mahali. Kudondoa ni kuokota kidogo kidogo, kama mtu aokotavyo punje za mchele zilizomwagika. Maneno yote mawili yasema kweli juu ya tendo lenyewe. Anayehamisha ana deni la kusema ametoa wapi. Anayeokota ana deni la kusema ameacha nini. Deni la kwanza twafundishwa sana kulilipa: jina, mwaka, ukurasa. Deni la pili halina nafasi katika tanbihi. Laweza kulipwa katika sentensi moja tu, nayo ni ile inayotangulia maneno yaliyonukuliwa. Kwa hiyo swali la namna ya kuitunga sentensi hiyo, ambalo wengi hudhani ni la mapambo, kwangu ni swali la haki.

Wazee wetu walioandika kwa hati za Kiarabu hawakuwa na alama za kufungulia na kufungia usemi. Aidha tenzi zao zilisomwa kwa sauti mbele ya watu, na sikio halioni alama. Ilimpasa mtunzi atangaze ndani ya ubeti ni nani anenaye na ni nani ajibuye, ama sivyo wasikilizaji wangemdhania shujaa kuwa ndiye adui. Hata neno letu kwamba, tunalolitumia leo bila ya kulitazama, ni kitenzi cha kale, kuamba, yaani kusema. Asemaye “alisema kwamba” amemtaja msemaji kinywa chake mara mbili. Sisi tuliopewa alama za uchapaji tumezitegemea mno, tukaacha kutangaza.

Tena Kiswahili kina mitego yake ambayo vitabu vya Kiingereza vya kufundishia insha haviwezi kutuonya. Juma akisema, “Nimekosa,” nami nikaandika, “Juma alisema kwamba amekosa,” sentensi yangu ni laini wala haina ila ya sarufi. Lakini aliyekosa ni nani? Yaweza kuwa Juma, yaweza kuwa jirani yake. Nafsi ya kwanza imekuwa ya tatu, na toba imegeuka mashtaka bila ya mwandishi kuongeza hata herufi moja ya uongo.

Mtego wa pili ni wa ngeli. Nitatunga mfano mwenyewe nisije nikamsingizia mtu. Tuseme shairi lina mshororo usemao, “Chanichoma moyoni hata leo.” Mwanafunzi anayeandika juu ya mauti huandika: kuhusu kifo, mtunzi asema kwamba “chanichoma moyoni hata leo.” Upatanisho umekamilika, na sikio limeridhika. Lakini katika ubeti uliotangulia mtunzi alikuwa akitaja kicheko cha jirani. Kifo na kicheko ni ngeli moja. Sarufi imewakaribisha wote wawili kwa uso mmoja, na msomaji hana njia ya kumjua mgeni wa kweli. Ningependa mwanafunzi huyo aandike sentensi nzito zaidi, hata ikikwaruza, mradi kicheko kitajwe.

Twaa sasa mfano mkubwa zaidi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, hutajwa katika insha nyingi kwa maneno mawili: “Muyaka asema.” Kisha hufuata mshororo, na mshororo hugeuka methali. Lakini mashairi yake mengi hayakusemwa hewani. Aliwaelekea watu. Alikuwa upande wa Mazrui waliotawala Mombasa hata mwaka 1837, akawarushia watunzi wa Lamu maneno, nao wakamrudishia, wakati miji hiyo ikishikana kwa silaha, na wakati Seyyid Said akiinyoshea Mombasa mkono. Ukilitoa jibu bila ya kulitaja swali, umemfanya mtu wa vita kuwa mtoa nasaha. Na hata hilo neno “asema” lina mikono mingi nyuma yake. Mashairi hayo yalikaa katika kumbukumbu za watu. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyafafanua, mmisionari W. E. Taylor akayahifadhi katika karatasi zake, William Hichens akayachapisha mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akayatolea kitabu kipya mwaka 1979. Sidai kwamba kila mara tuitaje silsila yote. Nadai kwamba mwandishi aijue kabla ya kuandika “asema,” na kwamba jina la Sikujua lisiwe siri ya wataalamu.

Kuhusu vitenzi, nitasema machache. Asema, adai, akiri, akana, alalamika: kila kimoja ni hukumu iliyotolewa kabla ya shahidi kufungua kinywa. Ukimwekea mtu “akiri,” umekwisha mtia kizimbani. Na tunalo “eti,” neno dogo kupita yote, litoshalo kumvunjia mtu heshima ya maisha mazima. Silikatazi; lina kazi yake barazani. Katika insha ya elimu anayelitumia hana budi kuonyesha sababu ya dharau yake.

Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya udaktari nilikwenda kwa mzee mmoja wa Pwani kumwuliza habari za watunzi wa mtaa wake. Aliniambia: “Mwanangu, watu husema wanawake wa mtaa huu hawakutunga, waliimba tu yaliyotungwa na waume. Husema hivyo kwa kuwa hawakuingia majumbani. Mamangu alitunga, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia.” Niliyaandika yote daftarini. Kutoka daftarini nilinakili katika kadi ndogo, na kadi haikutosha ila kwa nusu ya kwanza. Mwaka uliofuata niliichukua kadi nikaandika: mzee mmoja mwenyeji akiri kwamba wanawake wa huko “hawakutunga, waliimba tu yaliyotungwa na waume.” Maneno ni yake, hapana hata moja nililoongeza. Alama zimewekwa mahali pake. Sura yangu ilihitaji ushahidi wa namna hiyo, na sentensi ilipita mbele ya watahini kama mashua katika maji yaliyotulia. Laiti ningaliyatupa maneno yale peke yake ukurasani, kwa ushamba, huenda mmoja wao angaliuliza ni nani aliyeyasema na kwa nini.

Nililigundua kosa langu baada ya miaka tisa, nilipolifungua daftari kwa shughuli nyingine. Mzee alikuwa amekwisha fariki. Alikuja kwangu awe shahidi wa mamake, nami nikamfanya shahidi juu yake. Nilitia karatasi ya masahihisho katika nakala ya maktaba, na nikadhani nimefanya liwezekanalo.

Kisha mwanafunzi aliniletea rasimu ya tasnifu yake, na humo nikaikuta sentensi yangu. Ameinukuu kwa heshima, ametaja jina langu na ukurasa, na ili ioane na mtiririko wake amebadili “akiri” akaandika “athibitisha.” Nilimwendea na daftari. Alisoma mara mbili, akanyamaza, kisha akaniuliza jina la mama yake mzee alikuwa nani, apate kumtaja. Sikuwa nimeliandika.