Tusimsingizie Mungu

Somo la juma: Kumbukumbu la Torati 21:1–9



Kila msiba wa ajali una maneno yake, na sisi wachungaji tunayajua kuliko wote kwa kuwa tumeyasema sana. Ajali haina kinga. Siku zake zilikuwa zimefika. Kazi ya Mungu haina makosa. Tunayasema kwa nia njema, maana mama aliyepoteza mtoto hatuna cha kumpa, na neno lolote huonekana afadhali kuliko kumwacha katika kimya. Sina ugomvi na machozi yale. Ugomvi wangu ni na yanayofuata baada ya matanga, pale maneno yaleyale yanapoondoka kwa mfiwa na kwenda kumfariji mwenye chombo, fundi aliyekigusa, mkaguzi aliyetia sahihi na ofisi iliyotoa leseni. Wote wanayakuta yamewatosha. Mungu amependa, tumeshazika, turudi kazini.

Juma hili nawaletea ajali moja ya ndege, na ilitokea mbali na kwetu. Nimeichagua kwa sababu chanzo chake kilifuatwa hatua kwa hatua mpaka kikajulikana, na kwa sababu ya jambo lililofanyika miaka miwili baadaye, jambo ambalo Kanisa lingepaswa kulielewa kuliko mtu mwingine yeyote.

Asubuhi ya tarehe 8 Januari 2003 ndege ndogo ya panga boi, Beechcraft 1900D ya kampuni ya Air Midwest, iliruka kutoka uwanja wa Charlotte, North Carolina, nchini Marekani. Ilikuwa na abiria 19 na marubani wawili, na safari yenyewe ilikuwa fupi, ya kwenda jimbo jirani. Ilipoacha tu ardhi pua ilianza kupanda kupita kiasi. Marubani walisukuma usukani mbele, wakausukuma tena kwa nguvu zote, na pua haikushuka. Ndege ilipoteza mwendo, ikaegemea upande, ikaanguka kwenye jengo la karakana palepale uwanjani. Haikuwa imekaa hewani hata dakika moja. Wote 21 walikufa.

Mtu angeweza kusimama kaburini siku ile akasema siku zao zilikuwa zimefika. Wachunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani hawakusema hivyo. Walirudi nyuma kwa siku mbili, mpaka kwenye karakana ya Huntington, West Virginia. Huko, wakati wa matengenezo ya kawaida, fundi alikuwa amekaza kebo za mkia wa ndege, zile zinazopokea amri ya usukani na kuinua au kushusha pua. Kazi hiyo alikuwa hajawahi kuifanya kwenye ndege ya aina ile. Ndiyo kwanza alikuwa anafundishwa. Kitabu cha matengenezo kilikuwa na hatua nyingi, na baadhi zilirukwa kwa sababu zilionekana si za lazima. Aliyekuwa akimfundisha ndiye huyohuyo aliyekuwa mkaguzi wa kazi ile, na alikubali zirukwe. Kipimo cha mwisho, cha kuthibitisha kwamba usukani unafika mwisho wake mbele na nyuma, hakikufanyika. Kebo zilikazwa vibaya, hata uwezo wa kushusha pua ukabaki karibu nusu. Karatasi zikasainiwa.

Ndege ile haikuanguka siku ileile. Iliruka mara kadhaa, ikatua salama, na marubani hawakuona kitu. Ninaliona hili kuwa ndilo la kutisha kuliko yote katika ripoti nzima. Kosa lilikuwa limekaa mkiani likisubiri mzigo.

Na mzigo ulikuja. Asubuhi ile viti vyote vilijaa na mabegi yalikuwa mengi. Hakuna aliyepima uzito wa mtu wala wa begi, kwa kuwa utaratibu ulioruhusiwa na mamlaka ulikuwa kukisia kwa wastani: kila abiria kilo kadhaa, kila begi kilo kadhaa, zidisha, jumlisha. Wastani huo ulikuwa umepitwa na wakati; watu walikuwa wamenenepa na mabegi yamekua. Kwenye karatasi ndege ilikuwa ndani ya kiwango. Kwenye njia ya kurukia ilikuwa imezidi kwa kilo zaidi ya 260, na uzito ulikuwa umeegemea nyuma mno. Mkia ukiwa mzito, pua hupanda. Pua ikipanda, rubani huishusha kwa usukani. Na usukani ule ulikuwa na nusu tu ya nguvu zake. Torati inapodai mizani ya haki na vipimo vya haki, tumezoea kufikiria muuza nafaka sokoni. Siku ile kipimo kisicho cha kweli kilibeba watu 21.

Sasa, muuaji ni nani? Fundi anayejifunza? Mwalimu wake? Kampuni ya ndege iliyokabidhi matengenezo kwa wakala na isiwepo kuangalia? Mamlaka ya serikali iliyoacha wastani wa zamani uendelee kutumika na isiisimamie kampuni ipasavyo? Bodi iliwataja wote. Hakuna hata mmoja aliyetaka mtu afe. Kila mmoja, ukimwuliza peke yake, angeweza kusema kwa unyofu kwamba mikono yake haikumwaga damu.

Hapo ndipo ninapowaomba mfungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 21. Maiti imekutwa shambani na haijulikani aliyemwua. Sheria haiwaambii watu wazike na kusema ni mapenzi ya Mungu. Inawaagiza wazee na waamuzi watoke nje, wapime umbali kutoka pale alipolala yule mtu mpaka miji iliyo kandokando. Wapime! Mji utakaoonekana kuwa karibu zaidi, wazee wake watachukua mtamba ambaye hajatiwa nira, watashuka naye bondeni kwenye maji yanayotiririka, watanawa mikono mbele ya makuhani, na wataomba msamaha kwa ajili ya damu hiyo. Hawakuua. Hawakuona aliyeua. Hata hivyo ni lazima waje, wasimame, waseme. Mungu wa Israeli hakukubali mtu afe karibu na mji halafu mji ukaendelea kula na kunywa kana kwamba jambo hilo haliuhusu.

Nimesoma sura hiyo mara nyingi nikiona ni desturi ya kale. Nikiiweka kando ya ripoti ya ajali, naiona kazi ya wale wachunguzi wanaookota vipande vya bati, wanaosikiliza kinasa sauti cha marubani, wanaopima kebo kwa rula. Wanatoka nje na kupima umbali kati ya maiti na miji. Mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, katika Kiambatisho chake cha 13, unasema kwamba shabaha pekee ya uchunguzi wa ajali ni kuzuia ajali nyingine, na kwamba kazi yake si kugawa lawama. Wapo wanaodhani huko ni kuwakingia kifua wakosaji. Mimi naona ni hekima ya kichungaji. Fundi anayejua kwamba akikiri atafungwa au atafukuzwa atafunga kifuniko na kunyamaza, na kebo itabaki ilivyo. Tangu mwaka 1976 Wamarekani wana mfumo ambao rubani, fundi au mwongozaji wa ndege anaweza kuandika kosa lake kwa siri, likapokelewa na shirika la NASA badala ya mamlaka inayoadhibu, na wengine wakajifunza kutoka kwake. Makanisa yetu, yaliyopewa huduma ya maungamo, yangejiuliza kwa nini mhasibu wa usharika hathubutu kusema mapema kwamba amekosea hesabu.

Lakini kuchunguza bila kugawa lawama hakumaanishi kwamba hakuna wa kujibu. Baadhi ya familia za Charlotte hazikutaka kesi iishie kwenye fedha peke yake. Zilitaka neno. Mwezi Mei 2005, kwenye kumbukumbu ya marehemu karibu na uwanja ule, rais wa Air Midwest alisimama hadharani mbele ya wafiwa, akakubali kwamba kampuni yake na wakala wake wa matengenezo walihusika na vifo vile, akaomba radhi. Kampuni za ndege hulipa fidia kila mwaka kwa makubaliano yasiyokiri chochote, kwa ushauri wa wanasheria. Kusema mbele ya watu kwamba sisi tulikosea, na mpendwa wenu amekufa kwa sababu hiyo, ni jambo adimu sana. Kwangu rais yule na kampuni yake ni wazee wa mji ulio karibu, walioshuka bondeni.

Kwetu huku tumeona nini? Tarehe 4 Novemba 2015 ndege kubwa ya mizigo, Antonov An-12, ilianguka kando ya mto Nile muda mfupi baada ya kuruka kutoka Juba. Ilikuwa ndege ya mizigo, na bado watu zaidi ya thelathini walikufa, wengi wao wakiwa abiria waliokaa pamoja na shehena. Watengenezaji wake walitangaza kwamba ndege ile haikuwa imepata matengenezo yanayotakiwa. Ninajua kwa nini watu walipanda. Barabara hazipitiki, vita vimefunga njia, mgonjwa yuko upande wa pili, na ndege ya mizigo ndiyo inayoondoka leo. Siwezi kumhukumu mama aliyepanda. Aliyeruhusu apande, huyo anapaswa kupimiwa umbali.

Na Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 ATR 42 ya Precision Air, ikitoka Dar es Salaam katika hali mbaya ya hewa, iliingia ziwani karibu kabisa na uwanja. Watu 43 walikuwa ndani. 24 waliokolewa na 19 walikufa. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Tuliwasifu, na walistahili kila sifa. Lakini ripoti ya awali ya wachunguzi wetu wenyewe haikuishia kwenye mawingu na upepo. Iligusa pia uokoaji uliochelewa. Uwanja umepakana na ziwa. Mtu yeyote aliyetua pale ameyaona maji. Tukiimba sifa za mvuvi na tukasahau kuuliza boti la uokoaji lilikuwa wapi, tutakuwa tumemtumia mvuvi huyo kama pazia.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kutafuta dhambi kwa marehemu. Baada ya kila ajali husikika sauti kwamba chombo kilibeba watu wabaya, au kwamba waliosalimika walikuwa waombaji kuliko wenzao. Yesu alilifunga suala hilo katika Luka 13, alipokumbusha mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18. Hawakuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Kisha akawageukia waliokuwa hai, wenye afya, waliosimama wakisikiliza, akawaita watubu wao. Kwa waliosalia ajali ni wito wa toba, na toba ya fundi ina umbo la fundi: kurudia hatua aliyoiruka. Toba ya mkaguzi ni kukataa kusaini. Toba ya mkurugenzi ni kuisimamisha ndege chini siku ambayo tiketi zote zimeuzwa, na kuibeba hasara.

Baada tu ya sura ile ya 21, katika 22:8, Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari yake, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Mungu hakuahidi kumtuma malaika amdake anayeanguka. Aliagiza ukingo. Ajali ina kinga, wapendwa, na kinga hiyo tumepewa sisi kuijenga. Kumwita Mungu mwenye ajali ambayo sisi tulikataa kuiwekea ukingo ni kumsingizia, na amri ya kutolitaja bure jina lake inatuhusu hapo.

Wengi wenu mnaosoma hamtatengeneza ndege kamwe. Mnatengeneza breki, mnaendesha daladala na malori ya ndizi, mnaandika orodha za abiria bandarini, mnasimamia misafara ya kwaya. Msimu wa makongamano umekaribia, na ombi langu ni hili. Kabla basi la kwaya halijaondoka, mzee wa kanisa amwulize dereva amelala saa ngapi, na asikilize jibu. Viti vihesabiwe, na watu wahesabiwe mmoja mmoja, watoto waliopakatwa wakiwemo. Tairi zikaguliwe na mtu anayezijua. Wanaozidi washuke, wakodiwe gari la pili, na gharama yake ilipwe na mfuko wa usharika kabla ya kununua sare mpya.