Nani Amkumbushe Nani?

Kila mwaka, kati ya tarehe 1 na 15 Januari, mwenye jengo la ghorofa katika jiji la New York analazimika kisheria kumpelekea kila mpangaji wake fomu kuhusu madirisha. Fomu inauliza jambo moja dogo: je, humu ndani anaishi mtoto wa miaka 10 au chini yake? Kuna visanduku vya kutia alama, mahali pa saini, na tarehe ya mwisho ya kuirudisha, yaani 15 Februari. Mpangaji akijibu ndiyo, madirisha yatafungwa vizuizi vya chuma vilivyokazwa kwa skrubu, visivyoacha mwanya unaozidi sentimita 11 hivi. Asiye na mtoto naye anaweza kuviomba, bila kuulizwa sababu. Na asiyejibu kabisa? Huyo haachwi. Sheria inamtaka mwenye nyumba aende mwenyewe, agonge mlango, aingie na kuangalia kama mna mtoto.

Sheria hiyo ni ya mwaka 1976. Ilitungwa baada ya idara ya afya ya jiji kuona jinsi watoto walivyokuwa wakianguka kutoka madirishani, hasa katika mitaa ya kimaskini ya Bronx, na baada ya kujaribu kuzigawia familia vizuizi hivyo bure na kuona vinasaidia. Inawabana wenye majengo binafsi, na inaibana vilevile mamlaka ya nyumba ya jiji, yenye maelfu mengi ya nyumba za umma.

Wakazi wa nyumba hizo za umma hupokea makaratasi mengi kuliko hilo moja. Majira ya baridi yakikaribia huja onyo la kutopasha chumba joto kwa jiko la gesi. Kiangazi huja shauri la kunywa maji na kuwajulia hali wazee. Katikati huja notisi ya kuthibitisha upya kipato, tangazo la msaada wa bili za umeme, na mwaliko wa mafunzo ya kazi. Mengi ya makaratasi hayo ni mema. Hata hivyo yanaibua swali la zamani sana: anayemhifadhi mwenzake anapata wapi haki ya kumkumbusha? Na ukumbusho huo, unaacha lini kuwa malezi na kugeuka masimango?

Dini zimelikabili swali hili bila kuzungukazunguka. Aya ya 264 ya Surat al-Baqara inawaonya waumini kwamba sadaka huharibika pale mtoaji anapomsimbulia na kumuudhi aliyempa. Si kwamba thawabu inapungua kidogo. Sadaka yenyewe inabatilika. Surat al-Maarij nayo, katika aya ya 24 na 25, inaitaja sehemu ya mali ya mwenye nacho kuwa ni haki inayojulikana ya mwombaji na aliyenyimwa. Ukizisoma pamoja, aya hizi zinaelezana. Ikiwa kile alichopokea maskini kilikuwa chake tangu mwanzo, mtoaji atamsimangaje?

Torati inafika hapo kwa njia ya shamba. Mambo ya Walawi, mlango wa 19, unamkataza mkulima kuvuna hadi pembezoni na kurudi kuokota masazo. Hayo ni ya maskini na ya mgeni, nao huenda kujiokotea wenyewe. Hakuna foleni, hakuna hotuba. Katika karne ya 12 Maimonides, mwanasheria wa Kiyahudi aliyeishi Misri, alipanga utoaji katika ngazi nane. Karibu na kilele aliweka ile ambayo mtoaji hamjui mpokeaji, wala mpokeaji hamjui mtoaji. Juu yake alibakiza moja tu: kumshika mtu mkono kwa mkopo, ubia au kazi, ili asihitaji kuomba tena.

Kwa kipimo hicho, nyumba za umma zilistahili kukaa ngazi ya juu. Mlipakodi wa Marekani hamjui mpangaji wa Bronx, na mpangaji hana wa kumpigia magoti. Tena mpangaji halali bure. Tangu marekebisho ya Seneta Edward Brooke ya mwaka 1969, kodi ya nyumba hizi inafungamana na kipato: wakati huo isizidi asilimia 25, na tangu 1981 kwa kawaida asilimia 30. Anayepata kidogo analipa kidogo, lakini analipa.

Mwaka 1998 Bunge la Marekani liliongeza sharti lililobadilisha sura ya uhusiano huo. Mtu mzima anayeishi katika nyumba ya umma, asiye na ajira wala sababu ya kusamehewa kama vile umri wa miaka 62 au ulemavu, alitakiwa kufanya saa 8 za huduma kwa jamii kila mwezi, au kushiriki katika programu ya kujitegemea kiuchumi kwa muda huohuo. Kila mwaka hali yake hukaguliwa. Asipotimiza, na asipokubali kufidia saa alizokosa, mkataba wake unaweza usihuishwe.

Wapo wanaolitetea sharti hili kwa hoja nzito, na haifai kuwapuuza. Lawrence Mead, katika kitabu chake *Beyond Entitlement* cha mwaka 1986, alidai kwamba kumpa mtu msaada bila kumtaka wajibu wowote ni kumtoa katika usawa wa uraia. Raia kamili hudai na hudaiwa. Kuna ukweli ndani yake: asiyetarajiwa kutoa chochote huishia kutazamwa kama mtoto. Katika vijiji vyetu pia, anayekosekana kwenye kuchimba kaburi au kuteka maji ya msiba hujitenga mwenyewe na wenzake.

Lakini jembe la msiba hushikwa na wote. Sharti la saa 8 linamhusu mpangaji wa nyumba ya umma peke yake. Mmarekani anayekopa benki kununua nyumba yake huruhusiwa kukata riba ya mkopo huo katika hesabu ya kodi ya mapato. Nao huo ni msaada wa serikali kwa makazi, na faida yake huwaangukia zaidi wenye vipato vikubwa. Hakuna anayemwandikia barua kumdai saa za kufagia bustani. Wajibu unaodaiwa kwa maskini pekee hauwezi kuwa ndio unaomfanya raia sawa na wengine.

Mwanafalsafa Elizabeth Anderson aliugusa mshipa huu mwaka 1999, katika makala yake kuhusu maana ya usawa. Alibuni barua ambazo dola ingewaandikia watu kueleza kwa nini wanasaidiwa: kwa kuwa hawana vipaji, au kwa kuwa sura zao hazivutii. Kila barua inaambatana na fedha halisi, na kila moja ni tusi. Anderson alionyesha kwamba msaada unaweza kumfikia mtu ukiwa kamili na bado ukamdhalilisha, kutokana na maneno na sababu zilizobebwa nao.

Basi je, barua zote ziachwe? Hapana, na Chicago inaonyesha kwa nini. Julai 1995 joto kali liliupiga mji huo, na kwa hesabu ya vifo vilivyozidi kiwango cha kawaida walikufa watu 739. Tahadhari zilikuwa zimetangazwa. Wengi waliokufa walikuwa wazee waliokuwa peke yao, madirisha yamefungwa, baadhi yao wakihofia wezi kuliko joto. Mwanasosholojia Eric Klinenberg, aliyelichunguza janga hilo katika kitabu cha 2002, aliona kwamba uhai wa barabara na maduka ya mtaa ulikuwa na nafasi kubwa katika kuamua nani anasalimika. Joto liliporudi mwaka 1999, jiji liliwapigia wazee simu, likatuma watu majumbani na kufungua vituo vya baridi vyenye usafiri wa bure. Vifo vilikuwa takriban 110. Majira mawili hayafanani kabisa, na tofauti yote haiwezi kuhesabiwa kuwa kazi ya kugonga milango. Hata hivyo mara ya pili ukumbusho ulikuja na mtu mlangoni.

Onyo lisilo na mtu wala kitu nyuma yake huhamisha mzigo. Kati ya Oktoba 2017 na Januari 2018, zaidi ya wakazi 320,000 wa nyumba za umma za New York walikosa joto au maji moto kwa muda fulani, katika jiji ambalo sheria yake inataka ndani kuwe na nyuzijoto 20 mchana pindi nje kukishuka chini ya 13. Mama aliyekaa na watoto katika chumba baridi kiasi hicho, akaambiwa asiwashe jiko, ameambiwa kweli. Jiko linaua. Ila anayemwambia ndiye aliyeshindwa kuwasha boila.

Januari 9, 2022, moto ulianza kwenye hita ya umeme katika jengo la ghorofa 19 huko Bronx. Lilikuwa la mmiliki binafsi, lakini wakazi wengi walisaidiwa kodi na serikali, na wengi walikuwa wahamiaji kutoka Gambia. Walikufa watu 17, wanane kati yao watoto, kwa moshi. Baada ya hapo ulisikika sana wito wa kuwakumbusha wakazi kufunga mlango wanapokimbia moto. Mlango huo ulitakiwa ujifunge wenyewe. Ndivyo sheria ya jiji inavyotaka, na siku hiyo haukujifunga.

Kwa upande wa kiangazi deni ni kubwa zaidi. Barua husema washa kiyoyozi, ilhali kanuni za shirikisho kuhusu nyumba za umma kwa miaka mingi zimekiacha kiyoyozi nje ya posho ya umeme, na New York imekuwa ikimtoza mpangaji ada ya kila mwezi kwa kiyoyozi alichokinunua mwenyewe. Barua hiyo ya kiangazi ingeweza kuandikwa kama ile ya madirisha. Iulize nani humu ana zaidi ya miaka 65, nani anaishi peke yake, na kama kuna kiyoyozi kinachofanya kazi. Anayekihitaji afungiwe, na umeme wake uingie kwenye posho. Asiyeirudisha fomu agongewe mlango kabla Julai haijaanza, na anayegonga awe ni mwenye nyumba.