Kozi Mwekundu Juu ya Chanzu

Je, silaha iliyoundwa kulinda dhuluma inaweza kutakasika ikitumika kuwalinda wanyonge?

Swali hili halipo mbali na sisi wa Vwawa. Reli ya TAZARA inayopita hapa ilijengwa kati ya 1970 na 1975 ili shaba ya Zambia ifike Dar es Salaam bila kutegemea njia za tawala za kibaguzi za kusini. Mwaka 1984 utawala wa makaburu, ukiwa umewekewa vikwazo vya silaha na Umoja wa Mataifa tangu 1977, ulianza kuunda helikopta yake ya mashambulizi: Rooivalk, yaani kozi mwekundu. Iliruka mara ya kwanza tarehe 11 Februari 1990, siku ileile Nelson Mandela alipotoka gerezani. Ilipoanza kazi jeshini, makaburu hawakuwa tena madarakani.

Vita yake ya kwanza ilikuwa Kongo. Tarehe 4 Novemba 2013, Rooivalk mbili zilishambulia ngome za M23 kwenye kilima cha Chanzu chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Brigedi iliyokuwa ikipigana huko iliongozwa na Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, na askari wa JWTZ walikuwamo. Kesho yake M23 walitangaza kuacha vita.

Basi imetakasika? Kama matokeo ndiyo yanayotakasa, tuseme nini kuhusu M23 kuibuka tena 2021 na kuingia Goma Januari 2025?

Wengine husema chuma hakina dhambi. Lakini jembe lina kazi nyingine. Helikopta hii haina. Iliundwa kuua kutoka mahali ambapo anayeuawa hawezi kujibu.

Kwa hiyo mimi siulizi kama silaha ni safi. Nauliza anayeiamuru anawajibika kwa nani. Aliyeagiza iundwe 1984 hakuwajibika kwa Waafrika aliowanyima kura. Walioituma 2013 walikuwa na Azimio 2098 la Baraza la Usalama, lililoandikwa hadharani na kuipa brigedi mwaka mmoja. Hiyo ni tofauti kubwa, nami naitetea.

Hata hivyo, mkulima wa Rutshuru aliyesikia mngurumo ule juu ya shamba lake hakuwa na kiti katika Baraza hilo. Mpaka naye apate pa kuuliza, haki yetu ya kuirusha itabaki nusu.